Kuzika au Kuchoma Maiti: Ulinganisho wa Gharama Tangu Mochari Hadi Miaka ya Baadaye

Familia iliyofiwa hulazimika kuzungumzia fedha wakati ambao haina moyo wala nafasi ya kufanya hivyo, na swali linaloibuka mapema ni hili: kati ya kuzika na kuchoma maiti, ni njia ipi iliyo nafuu? Jibu linalosikika zaidi ni kwamba kuchoma ni nafuu, na si jibu jipya, kwani daktari wa upasuaji Henry Thompson alipoanzisha chama cha kutetea uchomaji wa maiti nchini Uingereza mwaka 1874, mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba njia hiyo ingepunguza gharama za mazishi. Katika nchi nyingi jibu hilo ni la kweli hadi leo, ila ukweli wake una masharti ambayo wafiwa huyagundua wakiwa wamekwisha kulipa. Tunazoea kulinganisha kaburi na tanuri, ilhali sehemu kubwa ya fedha haitumiki kaburini wala tanurini. Hutumika katika siku zinazotangulia, na katika yale ambayo familia huyafanya baadaye kwa ajili ya kaburi au majivu. Ulinganisho wa haki, kwa maoni yangu, hauna budi kuyapima mafungu matatu ya matumizi, yaani yale ya kabla ya siku ya maziko au ya kuchoma, yale ya siku yenyewe, na yale ya miaka inayofuata.

Ni vyema kutaja kwanza kwamba kwa watu wengi suala hili huamuliwa na imani kabla ya kufika kwenye hesabu. Uislamu hauruhusu kuchoma maiti, na Wakristo wa Kiorthodoksi pamoja na Wayahudi wa Kiorthodoksi nao hushikilia kuzika, ilhali kwa Wahindu na Masingasinga kuchoma ndiyo njia ya kawaida. Kanisa Katoliki liliondoa katazo lake mwaka 1963, lakini maelekezo yake ya mwaka 2016 yanataka majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, kama vile makaburini au kanisani, badala ya kutawanywa au, katika hali ya kawaida, kuwekwa nyumbani. Sharti hilo ni la kidini, lakini lina matokeo ya kifedha, kwa sababu Mkatoliki anayechagua kuchomwa hubaki na gharama ya mahali pa kuweka majivu, ambayo mtu mwingine angeweza kuiepuka kabisa.

Gharama za kabla, ambazo hazijali njia

Usafirishaji wa mwili kutoka mahali pa kifo, uhifadhi katika mochari, cheti cha kifo, kuosha na kuvisha, gari la kubebea maiti, ukumbi wa ibada, matangazo ya kifo na huduma kwa waombolezaji ni mambo yanayolipiwa iwe mwili utazikwa au utachomwa. Mtu anapodai kwamba familia fulani ilitumia fedha nyingi kwa kuzika, na nyingine ilitumia kidogo kwa kuchoma, mara nyingi ukiichambua hesabu yao utakuta kwamba tofauti kubwa iko hapa. Ya kwanza ilikaa na maiti wiki mbili ikisubiri jamaa waliokuwa safarini, ikakodi ukumbi na magari, na ya pili ilimaliza kila kitu kwa siku tatu.

Idadi ya siku ndiyo inayostahili kuangaliwa kuliko jambo jingine lolote katika fungu hili. Mochari nyingi hutoza kwa siku, na mwili unaohifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi unaweza kukaa kwa siku kadhaa bila dawa ya kuzuia kuoza. Muda ukirefuka, au mwili ukitakiwa kuoneshwa hadharani, huongezeka gharama ya kuutia dawa, ambayo kwa kawaida ni mchanganyiko wenye formalini unaoingizwa kupitia mishipa ya damu. Mwili unaochomwa mapema bila kuagwa hauhitaji dawa hiyo, na hapo kuchoma huokoa fedha. Lakini ni wazi kwamba mwili unaozikwa mapema bila kuagwa hauihitaji pia. Maziko ya Kiislamu, ambayo hufanyika haraka iwezekanavyo, kwa sanda na mara nyingi bila jeneza, yanaonesha kwamba kuzika kwenyewe si lazima kuwe ghali, kwa maana yanaondoa kwa mkupuo mmoja gharama tatu ambazo watu huzihesabu kama sehemu ya asili ya kuzika: dawa, jeneza na siku nyingi za mochari.

Siku yenyewe

Katika kuzika, malipo ya siku hiyo hugawanyika katika sehemu ambazo hazitolewi kila mara na ofisi moja. Kuna malipo ya eneo la kaburi, kuna malipo ya kulichimba na kulifukia, na katika baadhi ya makaburi kuna sharti la kulijengea ndani kwa saruji ili ardhi isititie baadaye. Bei ya kuchimba hutegemea pia udongo wenyewe, kwa kuwa mahali penye mwamba huhitaji mashine au vibarua wa siku nyingi, na mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu huhitaji kujengewa. Anayepewa bei ya eneo peke yake, akadhani amepewa bei ya kaburi, atashangazwa na ankara ya pili.

Jeneza ni kitu ambacho gharama yake haina kikomo cha juu, na ni hapa ambapo njia hizi mbili hutofautiana kwa namna ambayo wengi hawaifikirii. Kaburi hupokea karibu jeneza lolote, likiwemo la chuma au la mbao ngumu zilizonakshiwa. Tanuri hukataa chuma, vioo na baadhi ya plastiki, na halihitaji zaidi ya kitu kigumu kiasi cha kubebeka na chenye kuungua, hata likiwa sanduku la mbao laini au la karatasi nene. Familia inayochagua kuchoma, kisha ikanunua jeneza la thamani kwa ajili ya saa mbili za ibada, imeifuta faida yake kubwa kuliko zote kwa mikono yake yenyewe. Mahali ambapo huduma hiyo ipo, jeneza la kukodi hutatua tatizo hili, kwa sababu mwili hulazwa katika sanduku jepesi la ndani ambalo huondolewa baada ya ibada na kuingizwa tanurini, na jeneza la nje likabaki kwa mwenye kulikodisha.

Malipo ya kuchoma kwenyewe kwa kawaida ni kiasi kimoja kinachojulikana mapema. Mwili huwekwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 760 hadi 980 za Selsiasi kwa muda wa saa moja na nusu hadi tatu, kutegemea uzito wa mwili na aina ya tanuri, na kisha mabaki ya mifupa hupozwa, hutolewa vipande vya chuma na kusagwa. Kinachopandisha au kushusha bei si mwili wala jeneza bali ni kazi ya tanuri lenyewe. Tanuri linalochoma maiti kadhaa mfululizo hubaki na joto, na kila mwili unaofuata hutumia mafuta, gesi au umeme kidogo zaidi. Tanuri linalowashwa mara moja kwa wiki hulazimika kupashwa upya kutoka baridi, na gharama ya kulipasha, pamoja na mishahara na matengenezo, hugawanywa kwa watu wachache. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya kuchoma kuwe nafuu zaidi mahali ambapo karibu kila maiti huchomwa, kama Japani, ambako ni zaidi ya asilimia 99, kuliko mahali ambapo desturi hiyo ni ya wachache na matanuri ni ya kuhesabika. Anayeishi mbali na kituo cha kuchomea maiti inambidi aongeze gharama ya gari la kupeleka mwili, malazi ya wasindikizaji, na pengine siku za ziada za mochari akisubiri zamu. Umbali ukiwa mkubwa, kaburi la karibu laweza kuwa nafuu kuliko tanuri la mbali, na hakuna kanuni ya jumla inayoweza kuipinga hesabu hiyo.

Kuchoma kwa kuni mahali pa wazi kuna hesabu yake tofauti, kwani mwili mmoja huhitaji kati ya kilo 400 na 600 za kuni, na bei yake hufuata bei ya kuni.

Gharama mbili ndogo hujitokeza kwa upande wa kuchoma pekee. Ya kwanza ni kibali. Kwa kuwa moto huteketeza ushahidi wote ambao ungeweza kuhitajika iwapo baadaye kutakuwa na shaka kuhusu chanzo cha kifo, nchi nyingi huweka uchunguzi wa ziada wa daktari au afisa wa serikali kabla ya kuruhusu mwili uchomwe, na uchunguzi huo katika baadhi ya nchi hulipiwa. Ya pili ni kuondoa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ikiwa marehemu alikuwa nacho, kwa sababu betri yake huweza kulipuka ndani ya tanuri. Hakuna kati ya hizi inayobadilisha uamuzi, lakini zote mbili zinaweza kuchelewesha siku ya kuchoma, na tumekwisha kuona kwamba kila siku ya kuchelewa ina ankara yake.

Miaka inayofuata

Fungu hili ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo ninaloliona kuwa la maana kuliko yote kwa mtu anayelinganisha kwa makini. Kaburi ni gharama inayoanza siku ya maziko. Jiwe la kaburi au kujengea huja baadaye, na inashauriwa lisiharakishwe, kwa kuwa udongo uliofukiwa huendelea kutitia kwa miezi sita hadi mwaka mmoja, na jiwe lililowekwa mapema huinama au kupasuka na kulazimu kazi irudiwe. Baadhi ya makaburi hutoza ada ya utunzaji kila mwaka, mengine huitoza mara moja tu wakati wa kununua eneo, na mengine hayatozi kabisa lakini huiachia familia jukumu la kufyeka na kukarabati. Kwa maneno mengine, makaburi yanayoonekana nafuu siku ya kwanza yaweza kuwa yale yaliyohamishia gharama kwenye mikono ya wafiwa.

Lililo zito zaidi ni kwamba katika sehemu nyingi za dunia kaburi halinunuliwi, linakodiwa. Singapore iliweka mwaka 1998 kikomo cha miaka 15 kwa kila kaburi, na baada ya hapo mabaki hufukuliwa yakachomwa au yakazikwa upya katika eneo dogo zaidi, kwa kufuata dini ya marehemu. Katika makaburi ya umma ya Hong Kong muda wa kawaida ni miaka 6, na katika jiji la Athens ukodishaji wa kawaida ni wa miaka 3, ambapo baada yake mifupa hutolewa na kuhifadhiwa penginepo kwa malipo mengine. Mahali penye utaratibu kama huu, anayezika hulipia kaburi kwanza, kisha hulipia kufukua, kisha hulipia kuchoma au kuhifadhi mifupa, hivyo kuzika si mbadala wa kuchoma bali ni hatua iliyoongezwa kabla yake. Swali la kuuliza kabla ya kusaini, basi, si bei ya kaburi pekee. Ni haki ya miaka mingapi inayonunuliwa, na nini hutokea inapoisha.

Kwa upande mwingine, kuna hali moja ambayo kaburi huipiku njia nyingine yoyote kwa unafuu, nayo ni kaburi ambalo familia tayari inalo. Kaburi lililochimbwa kwa kina cha ziada kwa ajili ya watu wawili hulipiwa eneo mara moja, na wakati wa maziko ya pili hubaki gharama ya kufungua na kufukia tu. Uamuzi wa kina lazima ufanywe katika maziko ya kwanza, kwa maana kaburi la kina cha kawaida haliwezi kuongezwa baadaye bila kumsumbua aliyelala humo. Kuzika katika ardhi ya familia, panaporuhusiwa na sheria, huondoa malipo ya eneo, ingawa ardhi yenyewe ikija kuuzwa au kurithiwa na wengi, kaburi lililomo huwa jambo la kujadiliwa na hata kufukuliwa.

Majivu yana tabia tofauti kabisa. Majivu ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo 2 hadi 3 hivi na hutosha katika chombo cha lita tatu na kitu, hivyo yanaweza kukaa popote na kusubiri bila kulipiwa chochote. Familia inaweza kuyatawanya panaporuhusiwa, kuyaweka nyumbani, au kuyazika katika kaburi la ndugu aliyetangulia, na katika hali hizo fungu la tatu huwa karibu na sifuri. Lakini ikiamua kukodi kidaka katika ukuta wa kuhifadhia majivu, kununua mtungi wa thamani na bamba la jina, au kununua eneo la kuzikia majivu pamoja na jiwe lake, gharama huanza kufanana na za kaburi, na vidaka vingi navyo hukodishwa kwa muda. Nimeona watu wakishangaa jambo hili, kana kwamba wameongezewa bei kwa hila, ilhali kilichotokea ni kwamba walichoma kisha wakazika.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote hujitokeza kifo kinapotokea ughaibuni. Mwili unaovushwa mpaka kwa ndege huhitaji jeneza lisilopitisha hewa wala majimaji, mara nyingi lenye bati la zinki ndani, pamoja na kutiwa dawa, vyeti vya afya, kibali cha nchi inayoupokea na nauli ya mzigo. Mkataba wa Strasbourg wa mwaka 1973, unaosimamia usafirishaji wa maiti kati ya nchi kadhaa za Ulaya, unaeleza masharti ya jeneza la namna hiyo na papo hapo unasema kwamba hauhusu usafirishaji wa majivu. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria kubeba majivu mkononi akiwa na cheti cha kuchoma na chombo ambacho mashine ya ukaguzi inaweza kuona ndani yake, kwa maana hiyo chombo cha mbao au plastiki badala ya chuma. Kwa familia ambayo imani yake inaruhusu, hakuna mahali pengine ambapo kuchoma huokoa fedha nyingi kiasi hiki.

Njia zilizo pembeni

Zipo njia nyingine ambazo wachache huzifikiria. Kuzika kiasili, kwa maana ya kuzika bila dawa, bila saruji, na kwa jeneza au sanda inayooza, kuliwekewa eneo maalumu la kwanza la kisasa huko Carlisle nchini Uingereza mwaka 1993, na unafuu wake hutokana na kuondoa vitu badala ya kuongeza, ingawa eneo lenyewe linaweza kuwa na bei ya juu. Kuyeyusha mwili kwa maji moto na alkali, njia iliyochaguliwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu kabla ya kifo chake Desemba 2021, huacha mifupa inayosagwa kuwa unga kama majivu, lakini vituo vyake ni vichache na sheria za nchi nyingi hazijaitambua. Kutoa mwili kwa chuo cha udaktari kunaweza kuifuta karibu gharama yote, kwa kuwa vyuo vingi hugharimia uchomaji baada ya masomo, ila chuo kina haki ya kuukataa mwili, kwa mfano uliofanyiwa uchunguzi wa kupasuliwa au wenye maambukizi, na familia isiyo na mpango wa pili hujikuta ikianza upya.

Namna ya kuweka bei mbili kando kwa kando

Ulinganisho hupotoka zaidi pale mtoa huduma anapotaja kifurushi. Kifurushi cha kuzika chenye dawa, kuaga, jeneza na magari hakilinganishiki na kifurushi cha kuchoma bila ibada, na mtu anayevilinganisha hupima ibada dhidi ya kutokuwapo kwa ibada, wala hapimi kaburi dhidi ya tanuri. Ni heri kuomba kila kitu kiandikwe na bei yake peke yake, kisha kuyaondoa yanayofanana pande zote mbili. Yakishaondolewa, upande wa kuzika hubaki eneo na muda wake wa haki, kuchimba na kufukia, jeneza la kudumu, jiwe na utunzaji. Upande wa kuchoma hubaki ada ya tanuri, kibali, sanduku la kuungua, umbali wa kituo na makazi ya majivu. Kwa hesabu hiyo, kuchoma bila ibada na kutawanya majivu huwa ndiyo njia ya bei ya chini katika sehemu nyingi, ikifuatwa kwa karibu, na wakati mwingine kupitwa, na kuzika mapema katika kaburi la familia. Kuchoma baada ya ibada kamili na kuweka majivu katika kidaka hukaribia kuzika kwa kawaida, na kuzika katika makaburi ya mjini yenye ukodishaji wa muda mfupi huwa ghali kuliko vyote kadiri miaka inavyopita.

Liko jambo moja ambalo orodha ya bei haiwezi kulionesha. Mwili uliozikwa unaweza kufukuliwa, kuhamishwa au kuchomwa baadaye, kwa gharama na kwa idhini ya mamlaka, lakini uliochomwa hauwezi kuzikwa kama ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo vituo vingi vya kuchomea hudai saini ya ndugu mwenye haki ya kisheria, na husimamisha kazi mara mwingine mwenye haki hiyo hiyo anapopinga. Marehemu aliyeacha matakwa yake kwa maandishi huwapunguzia jamaa ugomvi huo, hata pale ambapo sheria haiyalazimishi maandishi yake. Asipoyaacha, na ndugu wakagawanyika, mwili hubaki mochari hadi watakapoelewana, na ada ya kila siku huendelea kuhesabiwa.